Ng'ombe akirudi joto, msikimbilie kulaumu ndoo

Ng'ombe amehimilishwa, yaani amepandikizwa mbegu, mara tatu, na kila zikitimia siku 21 anarudi joto, maana yake hakushika mimba. Ushauri unaozunguka kwa wafugaji kuanzia Uyole hadi Mafinga ni uleule: tupa ndoo za plastiki, zinaua mimba. Mfugaji anatupa, ananunua ya bati, ng'ombe anarudi joto mara ya nne, na miezi mitatu imepotea bila mimba. Kwamba baadhi ya plastiki zina kemikali zinazovuruga homoni ni kweli, tena ni jambo zito. Ndiyo maana inaniuma linaposemwa ovyo.

Geuza ndoo yako uangalie pembetatu iliyo kwenye kitako. Ndoo na madumu mengi ya lita 20 yana namba 2 au 5, yaani polithini ngumu au polipropilini. Hizo hazitengenezwi kwa bisfenoli A (BPA), wala hazihitaji kilainishi cha thalati, na hizo mbili ndizo kemikali zinazovuruga homoni ninazozisema. Bisfenoli A imo kwenye polikaboneti, ile plastiki angavu na ngumu kama kioo, na kwenye rangi ya epoksi inayopakwa ndani ya makopo. Thalati zimo kwenye PVC laini, namba 3. Anayesema "plastiki" kana kwamba ni kitu kimoja ni sawa na anayesema "majani" mbele ya lusina na mbele ya gugu la sumu.

Kinachostahili kuangaliwa kwenye banda la maziwa ni mpira angavu wa PVC laini wa kuhamishia maziwa. Thalati huweza kuwa asilimia 20 hadi 40 ya uzito wa PVC laini, nayo haikuungana na plastiki; imelowa tu ndani yake na inapenda mafuta. Maji baridi hutoa kidogo, maziwa ya uvuguvugu yenye mafuta yake hutoa zaidi. Mpira ukiwa mpya unajikunja kiganjani kama utumbo. Ukishaoshwa kwa maji ya moto na sabuni miezi kadhaa, unakuwa mgumu, unageuka manjano, unapasuka pale unapobanwa na klipu. Ugumu huo maana yake ni kilainishi kimetoka, kingine kwenye maji ya kuoshea, kingine kwenye maziwa. Weka mpira wa silikoni wa daraja la chakula, au mimina kwa mkono kupitia chujio.

Lakini jiulize maziwa hayo anakunywa nani. Yanatoka kwa ng'ombe, hayarudi kwake. Anayeyanywa ni ndama, na watoto wa nyumbani. Kwa hiyo hata pale penye kemikali kweli, ng'ombe anayerudi joto siye aliyeila.

Hapa ndipo watu wanaponichosha. Madhara ya kemikali hizi hayaanzi kwa mama kukataa mimba. Panya mkubwa wa maabara (rat) mwenye mimba akipewa thalati siku ya 15 hadi ya 18, wakati korodani za vitoto tumboni zinaanza kutoa testosteroni, mimba inaweza kuendelea na akazaa. Shida inaonekana kwa vitoto vya kiume: nafasi kati ya mkundu na uume imefupika, korodani hazijashuka, tundu la mkojo halipo mahali pake. Kwa panya aliyekwisha kukomaa, mpaka umpe dozi kubwa zaidi ndipo uone kitu. Ukitaka kujua kama zizi lina tatizo hili, usihesabu waliorudi joto. Papasa mifuko ya korodani ya madume machanga, uone kama zote mbili zimeshuka na zinalingana.

Mfano mwingine ni wa Cleveland, Marekani, mwaka 1998, kwenye maabara ya Patricia Hunt. Vizimba vya polikaboneti vya panya wadogo vilioshwa kwa kosa na sabuni kali ya sakafu. Alkali ikaila plastiki, bisfenoli A ikavuja. Mayai ambayo kromosomu zake hazikujipanga sawa yalipanda kutoka asilimia 1 au 2 hadi 40. Kwa nje panya walikuwa wazima. Matokeo yalichapishwa 2003, na mwaka 2018 maabara hiyohiyo ikaeleza kwamba bisfenoli zilizowekwa badala ya A nazo zinavuruga mayai. Kwa hiyo kibandiko cha "haina BPA" hakimalizi neno, na kuosha vyombo vya polikaboneti kwa magadi makali na maji ya moto ni kujitafutia hasara.

Niseme na upande usiopendwa kusemwa darasani. Panya mkubwa wa maabara na panya mdogo hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe: thalati inashusha testosteroni ya kijusi cha panya mkubwa, lakini kwa panya mdogo haiishushi vivyo hivyo. Kama hao wawili wanatofautiana, kumrukia ng'ombe kunahitaji unyenyekevu. Kuhusu bisfenoli A, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango chake cha kila siku kinachovumilika kutoka mikrogramu 4 kwa kilo ya mwili mwaka 2015 hadi nanogramu 0.2 mwaka 2023, mara 20,000 chini. Mamlaka ya dawa ya Ulaya hiyohiyo ikapinga hesabu hizo. Anayekutajia "kiwango salama" cha mtamba wako bila kusita, mwogope.

Mahali ambapo plastiki ilizuia mimba waziwazi ni kwenye mbegu za nguruwe. Hizi hukaa mbichi siku kadhaa, kwenye nyuzi 17, zikiogelea ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka 2010 mashamba 41 ya Hispania yalikumbwa na kuporomoka kwa idadi ya mimba. Kwenye darubini mbegu zilitembea vizuri. Kundi la Cristina Nerín wa Zaragoza lilionyesha mwaka 2014 kwamba kemikali zilitoka kwenye mifuko yenyewe, ile ya matabaka kadhaa. Mrija wa mbegu za ng'ombe ni habari nyingine: kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, karibu hakuna kinachohama.

Ng'ombe anayerudi joto mtafutie sababu za kawaida kwanza. Joto ni saa 12 hadi 18. Ukiliona asubuhi, ahimilishwe jioni. Mrija uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika au zaidi kidogo, upimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole. Angalia ute wenye usaha, mbavu zinazohesabika, na dume linaloazimwa kijiji kizima.

Nguruwe naye ana kivuruga homoni chake, na hakimo kwenye ndoo, kimo kwenye gunia. Menya gunzi la mahindi yaliyokomaa kwenye mvua na baridi ya Rungwe au Njombe: ukiona ukungu wa waridi unaoanzia nchani kushuka, hiyo ni fuzari, na sumukuvu yake, zearalenoni, huigiza estrojeni, homoni ya kike. Majike ya miezi miwili au mitatu yanavimba uke kama yako joto. Wakubwa wanakaa bila kuonyesha joto kana kwamba wana mimba. Ulaya inashauri isizidi miligramu 0.1 kwa kilo ya chakula cha majike machanga. Kuchemsha hakuiondoi, na machicha ya pombe ya komoni iliyopikwa kwa mahindi hayo bado yanayo. Kukausha kunazuia kuongezeka tu. Iliyokwisha kuingia shambani inabaki. Chambua punje za waridi, badilisha chakula, na uvimbe utaanza kupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Plastiki moja itoke bandani leo: dumu la kiuatilifu cha viazi au nyanya linalochotea maji ya mifugo. Ukuta wake umekunywa sumu, na baadhi ya viuatilifu huchanganywa na viambata vinavyovunjika kuwa nonilifenoli, nayo huigiza estrojeni. Lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamwage kwenye bomba la kunyunyizia, kisha litoboe kitako ili asije mtu akaliokota.