Je, wajua kwa nini mguu hufa ganzi ukikunja nne?

Pitisha kidole upande wa nje wa goti, shuka kidogo mpaka ukutane na kinundu kigumu. Hicho ni kichwa cha fibula, mfupa mwembamba unaokwenda sambamba na muundi. Chini yake tu, mfupa unapobana kama shingo, neva ya peronea huuzunguka kutoka nyuma ya goti kuja mbele. Hapo haina msuli wa kuikinga: juu yake kuna ngozi na mafuta kidogo, chini ni mfupa mtupu. Ukikunja nne, neva ya mguu wa juu hubanwa kati ya mfupa huo na goti lililo chini yake.

Peronea ni tawi la neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, ambayo kwa kawaida hugawanyika matawi mawili juu kidogo ya goti. Tawi jingine, neva ya tibia, hupita ndani ya kigimbi likiwa limefunikwa na misuli, ndiyo maana halibanwi kirahisi. Hilo ndilo linalokuwezesha kusimama kwa vidole na kuhisi ardhi kwa unyayo. Peronea hufanya kinyume: tawi lake la ndani huinua wayo na vidole, na la juujuu hugeuza unyayo utazame nje na kuipa hisia ngozi ya juu ya wayo.

Neva ikibanwa, vishipa vidogo vya damu vinavyoilisha hubanwa pia, na ujumbe hukwama. Ukinyoosha mguu damu hurudi, nyuzi za neva huanza kutuma ishara ovyo, nawe unahisi kuchomwachomwa. Hilo huisha baada ya dakika chache.

Tatizo huja mbano unapodumu kwa saa nyingi: kuchutama muda mrefu, kulala bila kujigeuza, au kufungwa plasta ngumu ya mfupa uliovunjika inayokaba chini ya goti. Aliyekonda ghafla yumo hatarini zaidi, kwa kuwa hata yale mafuta kidogo yamepungua. Wayo huanza kuning'inia, vidole hukwaruza chini, na mtu hulazimika kuinua goti juu kila hatua.

Jipime hivi: tembea kwa visigino, kisha gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili. Ukishindwa kuinua wayo na hapo pakawa na ganzi, shuku peronea. Ila jaribu pia kugeuza unyayo utazame ndani. Kazi hiyo ni ya neva ya tibia. Nayo ikiwa dhaifu, chanzo huenda kiko juu zaidi, mara nyingi kwenye mzizi wa neva kiunoni, na goti halina kosa.

Kama kilichoharibika ni utando wa mafuta unaozifunika nyuzi tu, nguvu hurudi baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Nyuzi zenyewe zikikatika, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, hivyo kusubiri ni kwa miezi mingi.

Aliyefungwa plasta asivumilie ganzi mpya kati ya vidole hivyo viwili. Ikiambatana na maumivu makali yanayozidi vidole vinapokunjwa au kunyooshwa, huenda shinikizo limepanda ndani ya misuli ya muundi. Aende hospitali saa hiyohiyo, kwani msuli ukikosa damu kwa saa chache hufa.