"Huyu Kachukua kwa Wajomba Zake": Vinasaba, Malezi na Kujithamini kwa Mtoto

Kila shule zinapofungwa, ofisi yetu ya ustawi wa jamii hapa Kigoma hupokea wazazi wenye lalamiko la namna moja: mtoto hajithamini, hasemi mbele za watu, mgeni akibisha hodi anakimbilia uani. Tunapoelekea Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, tumeona tutoe ufafanuzi.

Baba mmoja alikuja na wanawe wawili. Nikamuuliza mdogo jina lake. Akamtazama baba, akaziba mdomo kwa kiganja, na kaka yake akajibu kwa niaba yake. "Unaona, afisa? Wote nimewalea sawa. Huyu kachukua kwa wajomba zake." Mtoto yupo pale pale, anasikia, anachokonoa ukingo wa meza.

Maneno yale yana makosa mawili, na tunayasikia karibu kila wiki.

La kwanza ni la damu. Mkulima wa michikichi hahitaji kufundishwa habari za urithi. Anajua aina ya mchikichi iitwayo Dura ina gamba nene linalofunika mise, yaani kiini cha ndani ya tunda, aina ya Pisifera haina gamba, na ukizichanganya unapata Tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Unene wa gamba lile unaamuliwa na kinasaba kimoja, ndiyo maana ukinunua mche wa Kihinga, kituo cha utafiti wa michikichi hapa Kigoma, unajua unachokwenda kupanda. Kujithamini hakuendi hivyo. Vinasaba vinavyohusika ni vingi mno, kila kimoja kinachangia kidogo sana, tena kwa kuzunguka: huyu anazaliwa mwepesi wa kushtuka, yule mchangamfu, mwingine huzuni inamkaa muda mrefu. Tafiti za mapacha zilizofanywa nje, hasa Ulaya na Marekani, zimelinganisha wanaofanana kabisa kivinasaba na wale wanaoshiriki takriban nusu, na zinaweka mchango wa urithi kati ya asilimia 30 na 50. Hiyo ni asilimia ya tofauti zinazoonekana baina ya watu katika kundi. Haina maana kwamba nusu ya mwanao ni ya ujombani. Naomba hili lieleweke, maana yupo aliyetaka tumwandikie barua ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali apime unyonge wa mtoto umetoka upande gani. Kipimo cha vinasaba tunachokiandikia barua ni cha mambo kama utata wa uzazi. Hakipimi unyonge.

Kosa la pili ni hilo la "nimewalea sawa". Tafiti hizo hizo zinaonyesha kwamba kukulia nyumba moja hakuwafanyi ndugu wajithamini sawa. Kinachowatofautisha zaidi ni yanayompata kila mmoja peke yake: mwalimu aliyemcheka, ugonjwa uliomlaza muhula mzima, jina la utani alilopachikwa na shangazi. Tena mtoto mwenyewe huvuta malezi ya aina yake. Mchangamfu ndiye anayetumwa dukani, ndiye anayeitwa asalimie wageni, anasifiwa. Mwoga akimwaga beseni la dagaa anakaripiwa, kesho hatumwi tena, na keshokutwa hana alichojifunza cha kumfanya ajiamini. Walizaliwa na tofauti ndogo. Sisi nyumbani tukaipalilia miaka kumi, halafu tukaiita damu.

Kumwagia sifa nako hakusaidii. Mtoto anayejidharau ukimwambia yeye ni hodari kuliko wote, anaogopa kujaribu jambo gumu asije akaonekana si hodari. Mpe kazi anayoiweza, ahesabu chenji mwenyewe, na akikosea mrudishe ahesabu upya bila kumtaja mjomba.

Sasa upande wa sheria, kwa kuwa wengi huamini kejeli ni mambo ya ndani ya nyumba. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 13 kinakataza mateso, adhabu za kikatili na vitendo vya kumdhalilisha. Anayekiuka, akitiwa hatiani, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hatusemi kila neno kali ni kosa la jinai. Kila shauri huangaliwa kwa mazingira yake. Mwananchi yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa kuzifikisha serikali ya mtaa au kijiji. Afisa ustawi akizipata humwita mlalamikiwa wajadiliane, na uamuzi hutolewa kwa maslahi ya mtoto. Akikaidi, shauri hupelekwa mahakamani. Namba 116 hupigwa bila malipo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Anayehitaji ushauri tu haitwi mlalamikiwa na hafunguliwi kesi, kwa hiyo asiogope. Ila tunaomba mtoto abaki kwanza kwenye benchi la nje, mzazi aingie aseme yake, kisha tumwite. Yule baba alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii mlangoni alimwambia mwanawe asubiri, akaingia peke yake, akavuta kiti karibu na meza na kuanza kusimulia kwa sauti ya chini.