Dawa zote tia kikapu kimoja uje nacho

Sie wa kitengo cha afya ya akili hapa Tanga kuna kitu kinatusumbua. Chukulia mama wa Makorora, ana sukari na kwetu pia ana kadi. Jumatatu yuko foleni ya sukari, Alhamisi yuko kwetu, na huku hatujui kapewa nini kule. Nyumbani vidonge vya rangi zote, ukimuuliza anasema hivi vya kichwa hivi vya damu, basi.

Sasa olanzapini, dawa yetu ya ugonjwa wa akili, inamtuliza vizuri, mwenyewe naiandika sana, ila inaleta njaa kweli kweli, mtu ananenepa na sukari inaweza kupanda. Kule wakiona imepanda mama anagombezwa weee kwamba anakula ovyo, anaongezewa dozi, kumbe dawa yetu ina mkono humo. Tungeongea, tungempima uzito na sukari kabla hajaanza, tukarudia baada ya miezi mitatu, pengine tukambadilishia.

Lithiamu, dawa yetu ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ndo naiogopa zaidi. Mgongo unauma, mtu anapita duka la dawa anachukua diklofenaki au ibuprofeni bila kusema anatumia nini, basi figo zinashindwa kuitoa lithiamu inajaa mwilini. Mikono inatetemeka vibaya, anatapika, anaharisha, anayumba kama mlevi, na ndugu wanasema ugonjwa umerudi. Haujarudi, hiyo ni sumu, wahini hospitali! Na joto letu hili la Januari na Februari anywe maji ya kutosha, jasho likimkausha nayo inapanda.

Halafu kuna hili la sisi wahudumu, na hapa sitetei mtu. Mgonjwa wa akili akisema kifua kinabana anaambiwa ni mawazo tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema wenye magonjwa makali ya akili wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi ni haya haya ya moyo na mapafu ambayo yana tiba. Kinyume chake pia kipo, mzee alokuwa mzima jana leo anaweweseka, anakimbizwa kwa mganga, wakati ilibidi apimwe sukari, malaria na mkojo kwanza.

Kwahiyo kliniki ijayo, iwe ya presha, TB au kwetu, beba kila unachomeza, hata mitishamba, hata vidonge vya uzazi wa mpango maana kabamazepini, dawa ya kifafa na ya akili pia, inavipunguza nguvu. Usiache dawa yoyote kabla hatujaongea. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku 2019, kikapu cha ukili kinatosha, mwaga tu mezani tuhesabu pamoja.