Siku Sita za Mwanzo: Kwa Nini Nazisoma Kama Vipindi Virefu

Jua linatokea siku ya nne. Anayesoma sura ya kwanza ya Mwanzo polepole atakwama hapo: siku tatu zimekwisha kupita, imekuwa jioni na imekuwa asubuhi mara tatu, na kile tunachopimia siku bado hakijawekwa angani. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale, aliliona jambo hili katika karne ya 3. Akauliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi bila jua, mwezi wala nyota. Wakati huo hapakuwa na jiolojia ya kumsukuma. Alikuwa anasoma tu.

Naanzia hapo kwa makusudi. Nafundisha Agano la Kale, na hakuna swali ninaloulizwa na walimu wa shule ya Jumapili, wainjilisti na vijana wa sekondari kama hili: shuleni tunaambiwa dunia ina miaka kama bilioni 4.5, kanisani tunasikia siku sita na miaka elfu sita, sasa tushike lipi? Wengi wanaamini kwamba anayezisoma siku zile kama vipindi virefu amewauzia wanasayansi Biblia yake. Mimi nazisoma hivyo, na sababu zangu za kwanza zimo ndani ya maandiko. Habari za miamba zinakuja baadaye, na nitaeleza kwa nini nazishika kwa tahadhari.

Tuiangalie siku ya sita, maana hapo ndipo hoja ilipo nzito kuliko penginepo. Sura ya kwanza inaweka katika siku hiyo moja wanyama wa nchi, mwanamume na mwanamke. Sura ya pili inatusimulia yaliyotokea kati ya kuumbwa mwanamume na kuumbwa mwanamke. Mungu anapanda bustani upande wa mashariki. Anachipusha katika ardhi kila mti unaotamanika kwa macho na kufaa kwa kuliwa. Anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na kumpa agizo juu ya mti mmoja. Kisha anasema si vema huyo mtu awe peke yake. Wanyama wote wa kondeni na ndege wote wa angani wanaletwa kwake, naye anawapa majina mmoja mmoja, na katika wote haonekani wa kufanana naye. Ndipo usingizi mzito, ubavu, na mwanamke. Na Adamu anapomwona anasema, "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu." Hayo ni maneno ya mtu aliyeonja upweke na kusubiri.

Huwa naambiwa, "Mwalimu, kwa Mungu hakuna linaloshindikana, angeweza kuyafanya yote kabla ya jua kutua." Ni kweli, na uweza wa Mungu sibishani nao. Lakini katika sura hii anayetoa majina ni Adamu, na anayegundua kwamba hana mwenzake ni Adamu. Kazi hiyo inakwenda kwa mwendo wa mwanadamu. Miti nayo inachipuka kutoka ardhini, haitui kutoka juu ikiwa na matunda. Na mstari wa tano wa sura hiyo hiyo unaeleza kwa nini mche wa kondeni ulikuwa haujawa: Mungu alikuwa hajainyeshea nchi mvua, wala hapakuwa na mtu wa kuilima. Sababu zinazotajwa ni mvua na mkulima, zile zile tunazozijua msimu hadi msimu. Msimulizi hana haraka, wala hatuonyeshi Mungu mwenye haraka.

Siku ya saba ndiyo nguzo yangu ya pili. Kila moja ya siku sita inafungwa kwa maneno yale yale, ikawa jioni ikawa asubuhi. Ya saba haina maneno hayo. Mwandishi aliyeyarudia mara sita hakuyasahau. Na Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, unaishika siku hiyo na kusema raha ya Mungu bado ipo, kuna watu watakaoingia humo, basi tujitahidi kuingia. Mungu alipumzika kuumba siku ya saba, na raha hiyo ingali wazi kwa wasomaji wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Yesu mwenyewe, aliposhtakiwa kwa kumponya mtu siku ya Sabato, alijibu kwamba Baba yake anatenda kazi hata sasa. Kama siku ya saba imedumu maelfu ya miaka, sioni tunapata wapi kamba ya kuzifunga zile sita ndani ya saa 24.

Kuhusu neno lenyewe la Kiebrania, *yom*, nitapita haraka, kwa sababu watu hulitegemea mno. Lina maana ya mchana, ya siku nzima, na ya wakati usiopimwa, kama katika Mwanzo 2:4, ambako kazi yote ya uumbaji inaitwa "siku ile". Wanaopinga hujibu kwamba likiambatana na namba katika masimulizi huwa ni siku ya kawaida, na kwa sehemu kubwa ya Agano la Kale wako sahihi. Kamusi peke yake haitaamua shauri hili. Anayenukuu 2 Petro 3:8, siku moja kama miaka elfu, na kudhani amemaliza, naye hajamaliza. Petro anazungumzia subira ya Mungu.

Tuwe waangalifu na mababa wa Kanisa pia, yaani walimu wa karne zake za kwanza. Nimesoma vijitabu vingi vinavyosema Agostino wa Hippo, yule askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alifundisha vipindi virefu. Hakufundisha hivyo. Alisema ni vigumu mno, au haiwezekani kabisa, sisi kufikiri siku zile zilikuwa za namna gani, na hilo ni la thamani sana. Lakini alielekea upande wa pili: aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na alihesabu kwamba tangu mwanadamu aumbwe miaka elfu sita ilikuwa haijatimia. Ireneo, askofu wa karne ya 2, naye aliitaja siku ya miaka elfu alipoeleza jinsi Adamu alivyokufa "siku ile" aliyokula tunda, na hakuwa akizungumzia umri wa dunia. Ushahidi wa mababa ni kwamba waumini wakubwa walizijadili siku hizi kwa uhuru, bila mtu kuambiwa ameikana imani. Huo unanitosha. Sina haja ya kuwavika maneno yasiyo yao.

Vipindi virefu kama tunavyovijua leo vilianza kupata umbo karne ya 18, miamba ilipoanza kusomwa. Huko nyuma, mwaka 1650, Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, Ireland, alikuwa ametoa hesabu yake mashuhuri inayoweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwaka 1778 mwanasayansi Mfaransa Buffon aligawa historia ya dunia katika zama saba. Lakini mtu ninayependa wanafunzi wangu wamjue ni Hugh Miller wa Cromarty, Scotland, aliyezaliwa mwaka 1802.

Miller alikuwa mwashi. Aliingia machimbo ya mawe akiwa kijana, na baadaye, katika mawe mekundu ya pwani ya kwao, alikuta samaki wa ajabu waliogeuka jiwe, wenye magamba kama deraya. Alikuwa pia Mkristo asiyeyumba wa kanisa la mageuzi ya Kiprotestanti, na tangu 1840 alihariri gazeti la kikanisa mjini Edinburgh. Mwanzoni alishika nadharia ya pengo: kwamba kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa Mwanzo ulipita muda mrefu ulioishia katika maangamizi, kisha Mungu akaitengeneza upya dunia kwa siku sita za kawaida. Akaiacha, kwa sababu alipoyapekua matabaka ya miamba ya karibuni hakulikuta pengo lenyewe. Uhai ulioko leo ulikuwa umeungana na ule wa zamani, bila usiku wa kifo katikati. Kwa hiyo akasema siku ni zama. Kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1857, miezi michache baada ya kifo chake.

Humo alilinganisha: siku ya tatu, ya mimea, ni wakati wa misitu mikubwa iliyotuachia makaa ya mawe. Siku ya tano ni wakati wa mijusi wakubwa wa baharini na viumbe warukao. Siku ya sita ni wakati wa mamalia. Ulinganisho huo unapendeza ukiusikia mara ya kwanza, na mimi naupinga.

Samaki wa Miller mwenyewe ndio wanaouvunja. Mawe yao mekundu ni ya zamani kuliko makaa ya mawe, ilhali Mwanzo unaleta viumbe wa majini siku ya tano, baada ya mimea. Miller alilijua hilo. Alijibu kwamba kila siku inataja kile kilichotawala macho katika zama zake, na vingine vinaachwa. Lakini Mwanzo inataja mti wa matunda siku ya tatu, na visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya mimea ya maua vinaanza kuonekana miaka kama milioni 130 iliyopita, wakati samaki wana zaidi ya milioni 400. Ndege wa siku ya tano wanatangulia wanyama wa nchi wa siku ya sita, na miamba inasema kinyume. Hatuna haja ya kwenda mbali: mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambayo sasa imesimama Berlin, ni ya wanyama wakubwa wa nchi kavu walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Ndege wa kale kabisa wanaojulikana wana umri unaokaribia huo huo, na wanyama wa miguu minne walikuwa wamekwisha kutembea nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 150 kabla yao. Anayeing'ang'ania ratiba ya siku kwa tabaka ataishia kuyakunja yote mawili, maandiko na miamba.

Umri wenyewe wa dunia sioni sababu ya kuupinga. Umepimwa kwa njia nyingi zisizotegemeana. Mmoja wa waanzilishi wa upimaji huo, Mwingereza Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini na akaugua malaria huko. Mwaka 1956 mwanakemia Mmarekani Clair Patterson alipima madini ya risasi yaliyomo katika vimondo akapata miaka bilioni 4.55, na tarakimu hiyo imesimama hadi leo. Nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6 iliyopita, zimepimwa kwa njia hiyo hiyo ya kufuata elementi zinazochakaa kwa kasi inayojulikana. Kukubali hilo si kukubali kila kinachodaiwa juu ya mabadiliko ya viumbe. William Jennings Bryan, aliyesimama mahakamani Dayton, Tennessee, mwaka 1925 kuyapinga mafundisho hayo shuleni, alikiri pale pale kwamba siku za Mwanzo huenda zilikuwa vipindi. Katika makanisa mengi ya kiinjili ya Marekani, mkazo wa siku za saa 24 na dunia changa ulipata nguvu mpya baada ya 1961, kufuatia kitabu cha Whitcomb na Morris juu ya Gharika.

Basi nazisomaje? Nazisoma kama siku za kazi za Mungu, zilizochorwa kwa sura ya siku ya mfanyakazi: anatenda, anaona ni vema, jioni inaingia, asubuhi inakuja, anaendelea. Sura iliyochorwa ni siku. Urefu wa kile kilichochorwa ni wa Mungu, na maandiko hayakutupa kipimo chake.

Ndugu zetu Wasabato hunijibu kwa Kutoka 20:11, na ni jibu la kuheshimiwa: fanya kazi siku sita, kwa kuwa kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi. Wanasema amri haina maana kama siku zake si kama zetu. Nawaomba wasome pia Kutoka 23, mstari wa 10 hadi wa 12. Hapo miaka sita ya kupanda na mwaka wa saba wa kuiacha ardhi imewekwa bega kwa bega na siku sita za kazi na siku ya saba ya kupumzika. Walawi 25 unauita mwaka huo Sabato ya nchi. Mpango ni sita na moja, na Mungu mwenyewe anauvisha urefu tofauti. Amri ya Sabato haipungui nguvu hata chembe.

Swali gumu zaidi ni la mauti. Visukuku ni viumbe vilivyokufa, tena vingine vikiwa na mabaki ya windo tumboni. Kama vilikufa kabla ya Adamu, je, mauti haikuja kwa dhambi? Warumi 5:12 unasema mauti iliwafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi. Paulo anazungumzia watu. Zaburi ya 104, inayoimba uumbaji, inataja wana-simba wakinguruma kutaka chakula chao kwa Mungu, na inalihesabu hilo kati ya kazi zake alizozifanya kwa hekima. Hata hivyo Mwanzo 1:30 unawapa wanyama majani kuwa chakula, na mstari huo unanielemea. Nausoma kuwa unaeleza kwamba uhai wote wa nchi kavu, hata wa mla nyama, unasimama juu ya majani. Wenzangu wanaoshika siku za saa 24 wanaona nimeukwepa. Darasani tukifika hapo nawapa wao nafasi ya kuzungumza kwanza.