Arisaka si bunduki mbovu, na ya 44 si ya mwaka 1944

Juzi usiku nimeletewa tena ombi lile lile. Mchezaji anataka kikosi cha Wajapani kwenye modi yetu, yaani mchezo wa kompyuta wa Vita vya Pili vya Dunia tulioubadilisha, kifanyiwe mambo matatu: kiongezewe bunduki ya Aina ya 44 "kwa sababu ndiyo ya mwisho wa vita", kipewe ya Aina ya 4 inayojipakia yenyewe ili kilingane na Wamarekani, halafu Arisaka, bunduki za kawaida za askari wa Japani, zipunguzwe nguvu na mara moja moja zimpasukie mpigaji usoni, "maana ndivyo zilivyokuwa". Nimechoka. Naandika mara hii moja, na atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

Namba kwanza, haraka. Wajapani walizipa silaha namba kwa mwaka, lakini mwaka wa kwao. Ya 30, ya 38 na ya 44 zinahesabu miaka ya Mfalme Meiji, yaani 1897, 1905 na 1911. Baadaye wakahamia hesabu inayoanzia kuasisiwa kwa ufalme wao, ambamo 1940 ni mwaka 2600, wakawa wanachukua tarakimu za mwisho. Kwa hiyo ya 97 ni ya 1937, ya 99 ni ya 1939, ya 2 ni ya 1942. Ya 44 ni karabini ya wapanda farasi, yenye singe inayokunjwa chini ya mtutu. Mwaka 1944 ilikuwa na umri wa miaka 33. Nitaiweka, tena kwa furaha, ila iwe mikononi mwa wapanda farasi tangu mwanzo, isiwe zawadi ya hatua ya mwisho.

Sasa hili la ubovu, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi.

Kanali Arisaka Nariakira alisimamia ile ya 30, iliyopigana na Warusi mwaka 1904 na 1905. Nambu Kijirō akairahisisha, ikazaliwa ya 38: bolti (komeo linaloifungia risasi ndani) yenye vipande vichache, usalama unaofungwa kwa kusukuma kitasa cha nyuma kwa kiganja na kukizungusha, na bati linaloteleza juu kuzuia vumbi na matope. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Warusi wenyewe, waliokuwa wamepigwa na ile ya 30, walinunua Arisaka kwa mamia ya maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mhandisi wao wa silaha, Fedorov, akaifanya bunduki yake maarufu ya kujipakia itumie risasi hiyo hiyo ya milimita 6.5. Mtu hanunui takataka ya adui wake wa jana.

Jina baya lilitoka wapi? Mwisho wa vita viwanda vilikuwa vinapigwa mabomu na chuma kimeadimika. Arisaka ya 99 iliyotoka kiwandani mwaka 1941 ina kromu ndani ya mtutu, mguu wa waya wa kuiegemeza chini, na kilengeo cha nyuma chenye mikono ya kukunjua ya kulengea ndege. Ile ya 1945 haina hata kimoja. Kilengeo ni tundu tu lisilosogea, bamba la kitako ni la mbao, kitasa cha bolti ni kipande cha duara kisichosuguliwa, na alama za tupa unaziona mpaka kwenye picha. Inatisha kuitazama. Lakini meno ya bolti yanayobeba nguvu ya baruti ni yale yale. Baada ya vita fundi wa Marekani, P. O. Ackley, alizijaza bunduki za nchi mbalimbali baruti kupita kiasi ili azipasue kwa makusudi. Arisaka ilistahimili pale ambapo nyingine zilikwisha kusalimu amri.

Zilizopasuka kweli zipo. Shule za Japani zilikuwa na bunduki za mazoezi zinazofanana sana na Arisaka, ila risiva yake (kiwiliwili cha chuma kinachoshika bolti) ni ya chuma cha kusubu, mtutu hauna michirizi ndani, na ziliundwa kwa risasi baridi peke yake. Askari wa Marekani walizibeba nyumbani kama kumbukumbu, wakazitia risasi za moto, zikawalipukia. Hapo ndipo samaki mmoja alipoozesha tenga zima. Ukitaka bunduki inayompasukia mpigaji, niletee ramani ya gwaride la shule mjini Osaka, nami nitakuwekea.

Kwa hiyo kwenye modi ya 99 itakuwa na sura tatu, ya mapema, ya kati na ya mwisho, kufuatana na mwaka wa ramani. Nguvu haitabadilika. Kitakachobadilika ni vilengeo, na hicho peke yake mchezaji atakisikia akilenga mbali.

Tofauti ya kweli, ambayo hakuna anayeniomba, ni kati ya risasi ya milimita 6.5, ya bunduki ya 38, na ya milimita 7.7, ya bunduki ya 99. Ya 38 ina urefu wa mita 1.28 na inatupa risasi ya karibu gramu 9. Baruti ni kidogo, mtutu ni mrefu, inaungua karibu yote ndani. Hivyo mwako wa mdomoni ni hafifu sana, na msituni hilo ni jambo la uhai na kifo: unapigwa na huoni umepigwa kutoka wapi. Ya 99 ni fupi, sentimita 112, risasi yake ni ya karibu gramu 11.8, inapiga teke zaidi na inajionyesha zaidi. Nimeushusha mwako wa ya 38 mpaka ukaribie kutoonekana, na hapa sina uhakika na nafsi yangu. Wajaribuji wawili wameniambia nimemfanya kila askari kuwa mdunguaji. Huenda wana haki. Na sina njia ya kweli ya kugeuza gramu 9 za risasi kuwa pointi za dameji, yaani madhara anayohesabiwa aliyepigwa mchezoni. Ile namba niliyoandika ni makubaliano kati yangu na skrini, hakuna aliyepigwa risasi akahesabiwa pointi mia.

Risasi nazo. Msiniombe sanduku moja la "7.7" kwa kikosi kizima. Ganda la risasi la bunduki ya 99 halina ukingo uliojitokeza kwenye kitako chake. La rashasha nzito ya 92 lina ukingo nusu, haliingii kwenye bunduki hiyo. Na wanamaji, kwa rashasha yao ya Lewis, walitumia la Kiingereza lenye ukingo kamili. Zote ni 7.7. Upande wa 6.5 kuna utamu wake: rashasha ya 11 haina magazini, ina kisanduku cha kutilia klipu sita za bunduki, tano tano, jumla risasi 30. Nataka mwenzako aweze kukupa klipu zake katikati ya mapigano.

Kuhusu ya Aina ya 4: ilikuwa nakala ya Garand, bunduki ya Wamarekani inayojipakia yenyewe, iliyoshughulikiwa na wanamaji kule Yokosuka, ikitiwa klipu mbili za tano. Vipande vilitosha bunduki kama 250, zikaunganishwa karibu nusu, vita vikaisha. Haikupigana popote, basi haiingii. Mnaolalamikia usawa, tazameni kikosi chote: rashasha ya 96 au ya 99 ndiyo moyo wake, na pembeni kuna kirusha-bomu cha 89. Mwenye bunduki ya bolti kazi yake ni kuwalinda hao. Anayekimbia peke yake dhidi ya Garand ya risasi nane atakufa, na ndivyo ilivyokuwa.

Ramani ya Burma naishughulikia kwa uangalifu zaidi, kwani upande wa pili wapo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshuka bonde la Kabaw kwenye mvua na kuingia Kalewa Desemba 1944. Hawa ni watu wetu. Waliokabiliana nao hawastahili kupewa bunduki za kubuni, kwa sababu ukimfanya adui wao mchekeshaji umewapunguzia wao.

La mwisho ni kwa wachora modeli. Juu ya risiva kuna ua la krisanthemamu lenye petali 16, alama ya mfalme. Nyingi mnazopiga picha kwenye makumbusho ua limesagwa, kwa sababu lilifutwa wakati wa kusalimu amri, 1945. Nimekuta modeli nne za ramani ya 1943 zenye ua lililofutwa. Nimezirudisha zote nne. Lichoreni upya, petali kwa petali.