Kizuri hakijiuzi Google: dhana potofu kuhusu SEO

Mtu akilalamika kwamba ukurasa wake hauonekani kwenye matokeo ya utafutaji, usimuulize ametumia maneno muhimu (yale ambayo watu huyaandika wanapotafuta) mangapi. Muulize kwanza kama Google inajua kwamba ukurasa huo upo. Wengi huduwaa.

Injini ya utafutaji ina kazi tatu, na zinafuatana. Roboti yake huzunguka mtandaoni ikisoma kurasa. Kinachoonekana kufaa huingizwa kwenye faharasa, yaani orodha kuu ya kurasa inazozijua. Kisha mtu anapoandika swali, kurasa zilizomo kwenye faharasa hiyo ndizo zinazopangwa, ipi itangulie na ipi ifuate. Ushauri mwingi wa SEO, yaani mbinu za kuufanya ukurasa uonekane kwenye injini za utafutaji, unahusu kazi ya tatu tu, kana kwamba mbili za mwanzo hujimaliza zenyewe. Ndiyo maana kuna watu wanaogombea nafasi ya mbele kwenye foleni ambayo hawajajiunga nayo.

"Nikishauweka mtandaoni, Google itauona tu"

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huku mtandaoni, kizuri kisichounganishwa na chochote hukaa gizani. Roboti huufikia ukurasa mpya hasa kwa kufuata kiungo kutoka ukurasa ambao tayari inaujua. Ramani ya tovuti, lile faili la XML lenye orodha ya anwani zako, inasaidia, lakini hailazimishi kitu. Na hata ukurasa ukishasomwa, Google haiahidi kuuingiza kwenye faharasa.

Acha kubahatisha. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ni ya bure na ina sehemu ya kukagua anwani mojamoja: itakuambia kama ukurasa umo, na kama haumo, itakutajia sababu.

"Nimeuzuia kwa robots.txt, kwa hiyo hautaonekana"

Hapa hujikwaa hata mafundi. Faili la robots.txt, utaratibu uliobuniwa mwaka 1994, huiambia roboti isiingie kusoma. Halisemi ukurasa usiorodheshwe. Viungo vya tovuti nyingine vikielekea huko, anwani yako inaweza kutokea kwenye matokeo vilevile, bila maelezo ya maana chini yake, kwa kuwa hakuna aliyeingia kuyasoma.

Asiyetaka ukurasa uonekane huweka agizo la noindex ndani ya ukurasa wenyewe. Sasa mfikirie yule mwangalifu kupita kiasi anayeweka vyote viwili. Roboti imezuiwa mlangoni, na tangazo la "usiniorodheshe" limebandikwa sebuleni. Italisomaje?

Kosa la upande wa pili ndilo linalogharimu zaidi. Tovuti ikiwa bado inajengwa, fundi huifunga ili isiorodheshwe kabla ya wakati, na hilo ni jambo jema. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni kuweka tiki kwenye kisanduku kimoja cha mipangilio. Siku ya uzinduzi kila mtu anahangaikia rangi na picha, tiki inasahaulika, na miezi baadaye mwenye tovuti ananunua makala mpya ili "kuipandisha". Angalia kisanduku hicho kabla ya kumlipa mtu yeyote.

"Neno muhimu lirudiwe mara nyingi"

Hili lilikuwa na ukweli zamani, ndiyo maana halikomi. Mnamo Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii kabisa lebo ya meta ya maneno muhimu (orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa) katika kupanga matokeo, na bado wapo wanaoijaza hadi leo. Kurundika neno moja ndani ya maandishi ni vibaya zaidi, maana sera za Google zinahesabu jambo hilo kuwa taka (spam).

Maelezo ya meta, yale ya kifupi yanayoweza kuonekana chini ya kichwa kwenye matokeo, nayo hayapandishi ukurasa. Yaandike vizuri hata hivyo, kwa kuwa mara nyingi ndiyo msomaji anayoyaona kabla ya kuamua kubofya. Kichwa cha ukurasa ndicho chenye uzito, na ajabu ni kwamba ndicho kinachopuuzwa: utakuta ukurasa mzuri kabisa unaitwa "Karibu" au "Nyumbani". Nani huandika "karibu" kwenye Google anapotafuta kitu?

"Viungo vingi, nafasi ya juu"

Larry Page na Sergey Brin waliijenga Google juu ya wazo kwamba kiungo ni kama kura. Kura zikaanza kununuliwa. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana vilikuwa vikiipandisha J.C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani. Google ikaishusha. Kampuni ilisema haikuviidhinisha viungo hivyo, ikaachana na waliokuwa wakiifanyia SEO, lakini nafasi zilikuwa zimeshapotea. Aprili 2012 ukaja mfumo wa Penguin, uliolenga michezo ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo anayekuuzia viungo elfu moja kwa bei ya chee anauza dhima, na dhima hiyo inabaki kwako.

Nyingine, kwa haraka

Kulipia matangazo hakupandishi matokeo ya kawaida. Maandishi yaliyojirudia ndani ya tovuti yako kwa kawaida hayaleti adhabu; Google huchagua nakala moja ya kuonyesha, nawe unaweza kuidokezea ipi kwa lebo ya canonical. Hakuna idadi maalumu ya maneno inayotakiwa. Kasi inahesabika, na kipimo kimojawapo ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ila ukurasa mwepesi usiojibu swali hauokolewi na kasi.

"Nimejitafuta kwenye simu yangu, niko namba moja"

Matokeo hubadilika kwa mahali ulipo, lugha, na wakati mwingine historia yako ya utafutaji. Tazama wastani wa nafasi kwenye Search Console, swali kwa swali. Ukibadilisha kichwa leo, andika tarehe pembeni: mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine huchukua miezi kadhaa, na bila tarehe hiyo hutajua ni lipi lililozaa matunda.