Simon Callow: mwigizaji anayeandika maisha ya waigizaji wenzake

Watu wengi wakimwona Simon Callow kwenye skrini wanasema "aah, si yule mzee wa vizibao vya rangi kali kwenye Four Weddings and a Funeral," basi, imeishia hapo. Ni yeye kweli, na uhusika wa Gareth aliouvaa 1994 ndo umemfanya ajulikane dunia nzima. Lakini mie nafundisha uigizaji, na kwangu Callow ni mtu wa vitabu kwanza, kwa hiyo leo nataka nieleze kwa nini wasifu anaouandika yeye siuoni ukifanana na wa waandishi wengine wanaoandika habari za wasanii.

Kifupi ni hivi. Mwandishi wa kawaida akimfuatilia mwigizaji anatafuta kazaliwa wapi, kaoa nani, kagombana na nani, filamu gani iliuza na ipi ilibuma. Callow anayatafuta hayo yote vizuri tu, ila anaongeza swali ambalo wenzake wanaliruka: hii kazi ilifanywaje? Yaani huyu mtu siku ile, mbele ya kamera ile, alifanya nini na mwili wake na sauti yake mpaka sisi tukaona tulichokiona? Na anaweza kuuliza kwa sababu keshasimama hapo yeye mwenyewe, anajua jasho lake.

Alizaliwa London, mtaa wa Streatham, 1949, na sehemu ya utoto wake aliishi Lusaka, enzi hizo Zambia bado inaitwa Rhodesia ya Kaskazini. Akiwa kijana akamwandikia barua Laurence Olivier, mwigizaji mkubwa wa Uingereza aliyekuwa anaiongoza National Theatre, jumba la maigizo la taifa, pale Old Vic, kumwambia jinsi anavyolipenda lile jumba na kazi zake, na Olivier akajibu, akamwambia njoo basi ufanye kazi kwenye ofisi ya tiketi. Akaenda. Akawa anauza tiketi huku akipata nafasi anapenya ukumbini kutazama waigizaji wakifanya mazoezi, na hapo ndo akaona kwamba uigizaji ni kazi inayofanyika kidogo kidogo, wanakosea, wanarudia, wanabishana, wanarudia tena. Baadaye akaenda chuo Belfast akakaa mwaka mmoja tu akaacha, akaingia Drama Centre ya London kujifunza rasmi. Na 1979 mchezo wa Amadeus, unaohusu watunzi wa muziki Mozart na Salieri anayemwonea wivu, ulipoanza kabisa kuonyeshwa, yeye ndo alikuwa Mozart, Paul Scofield akiwa Salieri, tena kwenye ukumbi wa National Theatre unaoitwa kwa jina la Olivier huyo huyo!

Filamu ilipokuja kutengenezwa, 1984, Mozart akapewa Tom Hulce, na Callow akapewa Schikaneder, yule mwenye jumba la maonyesho aliyeshirikiana na Mozart kwenye opera ya filimbi ya ajabu. Uhusika mdogo lakini mwangalie vizuri, kila akiingia utadhani hewa ya chumba imebadilika, jamaa ana kelele, ana njaa ya watazamaji, anaipenda biashara yake. Mie naona huyo ndo Callow halisi wa kwenye skrini, mtu wa dakika chache anayezijaza zote. Ndo hivyo hivyo alivyo kama mchungaji Beebe kwenye A Room with a View ya 1985, mchungaji mpole wa watu anayeishia kuoga uchi kwenye dimbwi la msituni na vijana wawili huku wakirushiana maji, na unaamini kabisa kwamba ni mchungaji na unaamini kabisa kwamba anafurahia. Na Gareth je, anacheza ngoma ya Kiskoti kwenye harusi kwa nguvu zote, anacheka, anatoa jasho, halafu anaanguka na kufa katikati ya hotuba ya bwana harusi. Shairi la W. H. Auden linalosomwa kwenye mazishi yake linawatoa watu machozi mpaka leo, lakini lisingeuma hivyo kama Callow asingekuwa ametujazia uhai wa kutosha kabla, maana msiba unapimwa kwa aliyeondoka.

Mwaka huo huo wa 1984 ndo kilitoka kitabu chake cha kwanza, Being an Actor. Nusu ya kwanza anasimulia maisha yake, na ndani yake alisema waziwazi kwamba anapenda wanaume wenzake, kitu ambacho waigizaji wa Uingereza wakati ule walikuwa hawasemi. Nusu ya pili ndo hazina ya darasa langu: anaeleza kazi ya mwigizaji hatua kwa hatua, anaanzia kukaa bila kazi, odisheni, siku ya kwanza ya mazoezi, mpaka ule uchovu wa kurudia onyesho lile lile usiku baada ya usiku. Na humo anawavaa waongozaji, anasema wamejichukulia madaraka makubwa mno na mwigizaji amebaki mtu wa kutumwa tu. Wengi walikasirika. Mie nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, hasa nikiona vijana wanaosubiri kuambiwa hata mkono wauweke wapi.

Sasa tuje kwenye wasifu wa Charles Laughton, uliotoka 1987, ambao kwangu ndo bora kuliko vyote. Laughton, mwigizaji wa Uingereza, alizaliwa Scarborough 1899, familia ya hoteli, mnene, mwenyewe akijiona ana sura mbaya, akapata Oscar kwa kumwigiza mfalme Henry VIII kwenye filamu ya 1933. Mwandishi mwingine angekuonyesha tuzo. Callow anakupeleka 1937, kwenye filamu ya I, Claudius, ya kumhusu mfalme wa Roma ya kale, ambayo haikumalizika, iliyokuwa inaongozwa na Josef von Sternberg. Laughton kila siku anakuja na hawezi, uhusika haumwingii, gharama zinapanda, kila mtu amenuna. Kilichokuja kumsaidia ni rekodi ya hotuba ya mfalme Edward VIII ya kuachia kiti cha enzi, iliyotoka Desemba 1936, akawa anaisikiliza tena na tena mpaka akampata Claudius wake ndani ya sauti ile. Halafu Merle Oberon akapata ajali ya gari, filamu ikafa. Zimebaki vipande vichache tu. Mtu asiyeigiza angesema Laughton alikuwa msumbufu. Callow anaona mtu anayetafuta mlango na hawezi kuingia kwa dirisha, na anakueleza ule mlango ni kitu gani.

Sehemu nyingine ninayoirudia ni ya Laughton na Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, kule California. Walikaa miaka, kuanzia 1944 hivi, wanatengeneza Galileo, tamthilia ya Brecht, kwa Kiingereza. Brecht Kiingereza chake kidogo, Laughton Kijerumani hajui, kwa hiyo wanafanyaje? Wanaigiziana. Brecht anamwonyesha mstari kwa mwili na kwa maneno yake ya kuungaunga, Laughton anaurudisha kwa Kiingereza chake, mpaka wote wawili wakubali kwamba ndo wenyewe. Onyesho likafunguliwa Los Angeles mwaka 1947. Yaani tafsiri nzima imepitia kwenye miili ya watu wawili!

Baada ya Laughton akamchukua Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa Marekani, na hapo ikawa safari ndefu. Juzuu ya kwanza ilitoka 1995, ya pili 2006, ya tatu 2015. Ya kwanza yote inaishia kwenye Citizen Kane ya 1941, wakati Welles ana miaka 26 hivi! Lakini ndo ilivyopasa, maana Welles alikuwa fundi wa kujitungia hadithi. Mfano alifika Dublin 1931 akiwa na miaka 16, akajitambulisha pale Gate Theatre kama staa wa New York, na maisha yake yote aliendelea kuongeza chumvi. Callow anachukua kila hadithi anailinganisha na barua, na magazeti ya wakati ule, na maneno ya walioshuhudia, bila kumdhalilisha. Kwenye habari ya The Magnificent Ambersons, filamu ya Welles iliyofuata Citizen Kane, pia: filamu ilikuwa ya dakika kama 131, studio ya RKO ikaikata mpaka 88 huku Welles yuko Brazili anapiga picha nyingine. Hadithi tuliyoizoea ni kwamba studio ni mashetani. Callow haiachii studio, ila anauliza pia kwa nini mwenye filamu hakurudi kuipigania. Swali linauma lakini ni la haki. Juzuu ya tatu imefika katikati ya miaka ya 1960 tu na Welles alifariki 1985, kwa hiyo kuna miaka ishirini mizima iliyobaki. Kosa lake ni urefu, siwezi kuficha, kuna kurasa za maonyesho ya redio ambazo hata mie nazipita haraka.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, yeye kamvaa na kamwandika pia. Kamwigiza peke yake jukwaani, kamwigiza kwenye kipindi cha televisheni cha Doctor Who 2005, halafu 2012 akatoa wasifu unaomtazama Dickens kama mtu wa jukwaa, kijana aliyekuwa na miadi ya odisheni Covent Garden mwaka 1832 akaikosa kwa sababu ya ugonjwa, na mzee aliyejimaliza nguvu kwa kusoma hadharani kifo cha Nancy, mhusika wa riwaya yake ya Oliver Twist, mbele ya umati.

Kama hujawahi kumsoma anza na Laughton. Ila kabla hujafungua kitabu tafuta The Hunchback of Notre Dame ya 1939, angalia pale Quasimodo, ambaye ni Laughton mwenyewe, anapochapwa mijeledi hadharani na Esmeralda anampelekea maji, angalia hayo macho na hiyo shingo. Wanafunzi wangu nawaanzisha hivyo hivyo, filamu kwanza, halafu kitabu, halafu filamu tena.